Theluji Pwani ya Ghuba: Siku kwa Siku, Kuleta Boeing 737 Nairobi

Ndege ni Boeing 737-800, tupu, imemaliza matengenezo makubwa katika uwanja wa Brookley mjini Mobile, Alabama, na inasubiriwa Nairobi. Timu ya kuileta ni marubani watatu na mafundi watatu. Mobile iko karibu latitudo moja na Cairo, na theluji ni nadra sana huko. Ndiyo maana kumbukumbu hizi zimeandikwa kwa kirefu. Zimeandikiwa wenzetu wa viwanja vya JKIA na Wilson, Nairobi, ambao siku yoyote wanaweza kutumwa mahali pa joto, wakakuta theluji na wenyeji wasiokuwa na vifaa vyake. Saa ni za Mobile. Nairobi iko mbele kwa saa tisa.

Jumamosi, 18 Januari 2025. Nairobi

Utabiri tayari ulikuwa wazi: hewa ya Aktiki inateremka hadi pwani, na unyevu wa Ghuba ya Meksiko unapanda juu yake. Vikikutana, mvua inageuka theluji. Jambo la kwanza la kuuliza lilikuwa kama ndege ingeweza kuondoka kabla. Haikuweza. Hati ya makabidhiano na kibali cha safari moja vilihitaji saini, na Jumatatu tarehe 20 ilikuwa sikukuu ya Martin Luther King na siku ya kuapishwa rais wa Marekani. Ofisi zingefungwa. Hangari nayo ilikuwa imejaa ndege zilizofunguliwa paneli, na ndege iliyokamilika ndiyo hutolewa nje kupisha nyingine.

Kwa hiyo mizigo ilifungwa kwa ajili ya kazi ya nje. Maduka ya Nairobi yanayokodisha vifaa vya kupanda Mlima Kenya yana karibu kila kitu: buti za soli nene, soksi za sufu, taa za kichwani, glavu. Glavu ziwe jozi mbili, ya ndani nyembamba isiyopitisha mafuta, ya nje ya sufu au manyoya. Sababu ni hii: mafuta ya ndege hayagandi kwenye baridi kama hiyo, bali hubaki maji yenye ubaridi ule ule wa hewa, na yakilowesha ngozi huondoa joto upesi sana. Fundi anayechuja mafuta chini ya bawa akiwa na glavu moja ya sufu anaweza kuunguzwa vidole na baridi kwa dakika chache.

Viliongezwa pia vikwaruzo vya plastiki (vya chuma ni marufuku, huchubua bawa), kipimajoto cha kushika mkononi, na refraktomita ya kupima ukali wa dawa ya kuondoa barafu. Hii ya mwisho inatosha mfukoni, na uwanja ambao haujaona theluji kwa miaka usitarajiwe kuwa na yake iliyokaguliwa karibuni.

Jumapili, 19 Januari. Nairobi hadi Mobile

Safari ya abiria tu: saa kama kumi na tano hadi New York, kisha kusini. Baada ya kutua, mtu mmoja alikwenda moja kwa moja dukani kununua maji, mkate na chakula cha makopo cha siku tatu. Ushauri huo ufuatwe. Mji usiozoea theluji hufunga kila kitu kwa pamoja.

Jumatatu, 20 Januari. Mobile

Hii ndiyo siku iliyookoa ndege. Anga ilikuwa safi, baridi ikiongezeka, na saa kama kumi na nane za kujiandaa.

Maji kwanza. Tangi la maji ya kunywa la 737 liko nyuma, na mabomba yake yanapita chini ya sakafu hadi jikoni na vyooni. Kumwaga tangi peke yake hakutoshi, maana maji hubaki kwenye mabomba, kwenye vitengeneza kahawa na kwenye valvu. Fungua bomba zote za vyoo na jikoni ziachwe wazi, toa vitengeneza kahawa umwage maji yaliyo ndani, kisha piga hewa kwenye mfumo hadi kusitoke hata tone. Tangi la choo nalo limwagwe. Maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia tisa, na kiungio cha bomba kikipasuka hutajua usiku huo. Utajua siku mbili baadaye, kabati ikishapata joto, maji yakitiririka juu ya nyaya za chini ya sakafu.

Pili, mafuta. Chuja maji yaliyotuama chini ya matangi kabla hayajaganda, kwa sababu valvu ya kuchujia ikiziba kwa barafu haitafunguka, au itafunguka na isifunge tena. Kumbuka pia kwamba Marekani hujaza Jet A, ambayo huweza kuganda kuanzia nyuzi -40. Jet A-1 tunayojaza Nairobi ni -47. Kiwango cha chini cha mafuta tangini ni nyuzi tatu juu ya hapo, yaani -37 kwa Jet A, na hilo litawahusu marubani watakapokuwa juu ya Atlantiki, hata theluji ikiwa imeshasahaulika.

Tatu, breki. Weka choki (vizuizi) kwenye magurudumu yote, zikazwe, kisha achia breki ya kuegesha. Watu wa nchi za joto huona hili ni kinyume, lakini breki iliyokazwa ikiwa na unyevu huganda diski kwa diski, na asubuhi gurudumu linaburuzwa badala ya kuzunguka. Flapu, yaani bapa za nyuma ya bawa, ziwe juu. Valvu ya kutolea hewa ya kabati ifungwe, theluji isipeperushwe ndani. Vifuniko vya injini, vya APU (injini ndogo ya mkiani), vya mirija ya pito (ya kupimia mwendo) na vya matundu ya hewa tuli (ya kupimia kimo) viwekwe vikavu, kwani kifuniko kilicholowa huganda mahali pake na kuking'oa asubuhi ni hatari kwa kifaa chenyewe. Betri zilibaki ndani; mwongozo unataka zitolewe pale inapotarajiwa baridi kushuka chini ya -18, na utabiri haukufika huko.

Jioni ilibaki kazi ambayo pengine ndiyo muhimu kuliko zote: kukagua gari la dawa. Uwanja wa pwani ya joto unaweza kuwa na gari moja tu, na lenyewe huwashwa mara chache. Lazima lijaribiwe kabla ya siku ya kulihitaji. Heata yake iliwashwa, na kipimajoto kikawekwa kwenye ncha ya bomba. Dawa ya Aina ya I, ile ya moto ya kuyeyusha barafu, inapaswa kutoka ikiwa na nyuzi 60 au zaidi, kwa sababu kinachoyeyusha barafu ni joto la maji, na glaikoli iliyomo kazi yake ni kuzuia maji hayo yasigande tena. Mara ya kwanza dawa ilitoka vuguvugu. Kichujio kilikuwa kimeziba kwa uchafu na kutu, mtiririko ukawa mdogo, na dawa ikapoa kwenye mpira mrefu kabla ya kufika puani. Kiliposafishwa, ilipanda hadi 68. Bila jaribio lile, hitilafu hiyo ingegunduliwa asubuhi ya kuondoka.

Dawa yenyewe huja kali, ichanganywe na maji. Kanuni ya Aina ya I ni kwamba mchanganyiko uwe na uwezo wa kukaa bila kuganda hadi nyuzi kumi chini ya joto la nje. Nje kukiwa -12, mchanganyiko usigande kabla ya -22. Hapo refraktomita inafanya kazi yake: tone moja kwenye kioo, funga, elekeza kwenye mwanga, soma mstari, linganisha na jedwali la mtengenezaji wa dawa hiyo hasa. Majedwali hayaingiliani.

Jumanne, 21 Januari. Mobile

Ilianza asubuhi na kuendelea hadi mchana ukaisha. Idara ya hali ya hewa ya Marekani, ofisi ya Lake Charles, ilitoa onyo la dhoruba kali ya theluji, la kwanza kuwahi kutolewa kwa pwani hiyo. Viwanja vya Houston vilisimamisha safari, na New Orleans, Mobile na Pensacola hali ikawa hiyo hiyo. Barabara kuu ya I-10 ilifungwa kwa sehemu kubwa Louisiana na Florida. New Orleans ilipata kama sentimita 20. Mobile ilipata kama 19.

Ichukue hiyo 19 uiweke juu ya ndege. Mkia wa mlalo wa 737-800 una eneo la karibu mita za mraba 33. Theluji kavu, nyepesi, yenye kilo mia moja kwa mita ya ujazo, inakuwa zaidi ya kilo 600 zilizokaa nyuma kabisa ya magurudumu makuu. Bawa lina karibu mita za mraba 125, hiyo ni tani mbili na zaidi. Ndege tupu, isiyo na abiria wala mizigo mbele, haipendi uzito nyuma. Kuna ndege za mizigo zilizowahi kuinua pua na kukalia mkia kwa sababu hiyo. Theluji ikianza kulowa, uzito huongezeka mara mbili au tatu kwa ujazo ule ule.

Basi mkia ulifagiliwa kwanza, kila baada ya saa mbili, kabla ya mabawa. Ufagio wa nywele laini, mpini mrefu, mtu akiwa kwenye kikapu cha kuinulia na mkanda umefungwa. Asikanyage bawa, theluji huficha mistari ya mahali pa kukanyaga, na chini yake kuna utelezi. Vuta kuelekea nje na chini. Usisukume kuelekea kwenye nafasi kati ya bawa na aileroni (bapa ya kulaza ndege upande), wala kati ya mkia na elevata (bapa ya kuinua na kushusha pua). Theluji inayosukumwa mle haionekani tena, na ndiyo itakayoganda kesho. Usigonge, chini ya ngozi ya mkia kuna sega jepesi ambalo hubonyea.

Zamu za nje zilikuwa dakika ishirini, kisha chumbani kwenye joto, kinywaji cha moto, na soksi kavu kwa aliyelowa. Wenyeji watatu waliofika kazini walilala hapo hapo ofisini, kwa kuwa madaraja hayakupitika. Daraja huganda kabla ya barabara, maana upepo unapita chini yake na halina ardhi ya kulipa joto. Watu hao wanastahili heshima kubwa. Hakuna aliyewafundisha kazi hii, na waliifanya.

Jumatano, 22 Januari. Mobile

Picha zote za mitandaoni zilikuwa za jana, lakini hatari ilikuwa ya leo. Theluji inapoanguka kwenye baridi ni unga, inafagilika. Mahali pa joto jua linarudi upesi, unga unakuwa maji, maji yanaingia kila uwazi, na usiku yanakuwa barafu ngumu isiyo na rangi. Kaskazini theluji hukaa theluji kwa wiki nzima. Pwani ya Ghuba ilipitia kuyeyuka na kuganda siku tatu mfululizo.

Alfajiri ilikuwa chini ya -10. Kwa macho mabawa yalikuwa masafi, yamefagiliwa. Kwa kiganja hayakuwa. Kanuni ni kuvua glavu ya nje na kupitisha mkono juu ya ukingo wa mbele na nyuma yake, kwa sababu barafu safi juu ya rangi ya kijivu huonekana kama bawa lililolowa tu. Kilichoguswa kilikuwa utando mwembamba, mkwaruzo kama msasa wa seremala. Unene kama huo unatosha kupunguza nguvu ya kuinua ya bawa na kulifanya lishindwe mapema, kwenye pembe ambayo rubani haitarajii. Ajali ya Dryden, Kanada, mwezi Machi 1989 iliua watu 24, na ile ya LaGuardia, New York, Machi 1992 iliua 27. Zote mbili zilitokana na mabawa yaliyoondoka machafu.

Magurudumu. Shinikizo la tairi hupungua karibu asilimia moja kwa kila nyuzi tatu za baridi. Tairi kuu iliyojazwa psi 200 kwenye nyuzi 20 inasoma karibu 179 kwenye -12. Je, ijazwe? Ndiyo, kwa nitrojeni, kwa sababu tairi laini hupata moto wakati wa kukimbia. Lakini iandikwe kwenye kitabu cha ndege kwamba imejazwa kwenye baridi, ili ipimwe upya kila inapofika mahali pa joto zaidi. Vizuia mshtuko vya miguu ya magurudumu navyo hukaa chini kwa sababu hiyo hiyo, na mihuri ya mpira iliyokakamaa huvuja mafuta ya haidroliki tone kwa tone. Mara nyingi uvujaji hukoma mpira ukipata joto. Usikimbilie kubadilisha sehemu; pasha, subiri, pima tena.

Injini. Vifuniko vilizuia theluji, lakini maji ya jana mchana yalipenya chini ya ukingo yakatuama kwenye tumbo la mlango wa hewa. Injini hii, CFM56-7B, ina mapanga 24 mbele, na matatu ya chini yalikuwa yameshikwa. Namna ya kujua ni kujaribu kuzungusha feni kwa mkono, polepole. Isipozunguka, usilazimishe na kamwe usiwashe. Dawa ya barafu nayo hairuhusiwi humo, kwani glaikoli huingia kwenye kompresa, kisha kwenye hewa ya kabati. Tiba ni hewa ya moto ya heata ya ardhini kwa mfereji wa kitambaa, vifuniko vikiwa nusu, kwa karibu dakika arobaini, na kukausha maji kwa kitambaa kabla hayajaganda tena. Upande wa kulia ulichukua muda zaidi kwa kuwa upepo ulikuwa wa upande huo.

Alhamisi, 23 Januari. Mobile

Ndege ilikuwa tayari. Njia ya kurukia haikuwa. Brookley hawana magari ya kukwangua theluji ya viwanja vya ndege, wala hakuna sababu ya kuyanunua kwa kitu kinachokuja mara moja katika kizazi. Walitumia greda za barabara. Greda ina mambo mawili ya kuangalia: wembe wa chuma ukishushwa kabisa hung'oa taa za katikati na kukata za pembeni, na kokoto zinazobaki nyuma yake huingia injini. Kwa hiyo wembe uliachwa juu kidogo, na baki likasubiri jua. Chumvi ya barabarani hairuhusiwi, inakula alumini. Dawa halali za njia, asetati na formati za potasiamu, zina tatizo lao: hudhoofisha diski za breki za kaboni kwa kuziozesha taratibu kila zinapopata moto.

Hali ya njia hutangazwa kwa namba 0 hadi 6, kwa kila theluthi ya urefu. Utaratibu huu wa kimataifa ulianza 4 Novemba 2021, na ndio huo huo tunaoutumia Nairobi wakati wa masika maji yanapotuama. 6 ni kavu, 5 ni sakitu (umande ulioganda) au maji kidogo, 3 ni theluji iliyolowa, 2 ni tope la theluji au maji yaliyozidi milimita tatu, 1 ni barafu, na 0 ni barafu yenye maji juu, ambapo hakuna anayeruka. Mchana ripoti ilikuwa 5, 5, 2. Theluthi ya mwisho ilikuwa kwenye kivuli cha majengo, na kusimama kwa dharura kungeishia huko. Uamuzi wa kungoja ulikuwa sahihi. Ndege tupu ingeruka bila hata kuigusa sehemu ile, na hiyo ndiyo hoja inayowaponza watu: hesabu ya kuruka haihusu kuruka peke yake, inahusu pia kuacha kuruka.

Ijumaa, 24 Januari. Mobile hadi Gander, Kanada

Usiku ulileta sakitu, ile ile inayounguza viazi Kinangop. Nje -2, anga safi, hakuna kinachoanguka. Aina ya I inatosha, pigo moja.

Kabla ya kupuliza: milango imefungwa, flapu juu, hewa ya APU kwenda kabati imezimwa na paki (mitambo ya kiyoyozi) zimezimwa, kwa sababu mvuke wa glaikoli ukiingia unanuka siku nzima na kuwasha macho. Marubani wajulishwe na wakubali kwa redio. Kisha gari huanza upande wa kushoto, mkia kabla ya bawa, ukingo wa mbele kuelekea nyuma, bomba karibu kadiri linavyoruhusiwa maana joto hupotea hewani. Upande wa kulia upate sawasawa na kushoto, hata kama ulionekana msafi. Mabawa mawili yasiyolingana ni hatari kuliko mawili yenye sakitu kidogo. Usilenge madirisha, mirija ya pito, vipima pembe vya hewa, breki, wala mlango wa injini na APU. Ndege hii ilitumia karibu lita 300. Siku ya theluji ingeweza kufika elfu.

Baada ya hapo, mkono tena. Halafu fundi anawaambia marubani mambo manne: aina ya dawa, mchanganyiko, saa pigo la mwisho lilipoanza, na kwamba ukaguzi wa baada umekamilika. Muda wa kinga huhesabiwa tangu pigo la mwisho *lilipoanza*, maana bawa la kwanza limekuwa likisubiri wakati la pili linapuliziwa. Kwenye theluji ya kawaida, Aina ya I hukupa dakika chache, mara nyingi chini ya robo saa.

Kutambaa hadi njia ya kurukia kulikuwa kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, flapu zikiwa juu hadi karibu na mstari wa kuruka, ili tope linalorushwa na magurudumu lisipakwe chini yake. Baada ya kupaa magurudumu yaliachwa nje kidogo kabla ya kukunjwa, upepo uyakaushe. Injini zote mbili zilikuwa tulivu. Ripoti ya njia ilikuwa 5 kote.

Siku hiyo hiyo dhoruba ya Éowyn iliipiga Ireland kwa upepo uliozidi kilomita 180 kwa saa huko Mace Head, rekodi ya nchi. Mpango wa kujaza mafuta Shannon ulifutwa hewani, ukabadilishwa kuwa Santa Maria, visiwa vya Azores.

Jumamosi, 25 Januari. Gander hadi Santa Maria

Gander wanaifanya kazi hii kama sisi tunavyosukuma ndege nyuma. Hawakungoja theluji ionekane, utabiri ulitosha. Walipiga Aina ya I ya moto kusafisha, kisha ndani ya dakika tatu Aina ya IV ya kijani, baridi na nzito, kulinda. Aina ya IV hukaa juu ya bawa kama uji, inapokea theluji kwa nusu saa au zaidi, kisha upepo wa kukimbia huimwaga. Haimwagiki yote. Hilo liliandikwa kwenye kitabu kwa ajili ya hangari ya Nairobi.

Juu ya Atlantiki mafuta yalishuka hadi -29. Kama yangekaribia -37, marubani wangeongeza kasi au kushuka kwenye hewa isiyo na baridi kali. Kuongeza kasi huja kwanza kwa sababu hakubadilishi kimo walichopangiwa.

Jumapili, 26 Januari. Santa Maria, Malta, Luxor

Joto, na hakuna la kusimulia isipokuwa tairi. Zilipimwa Santa Maria, zikapunguzwa nitrojeni. Zikapimwa tena Luxor. Mfumo wa maji ulijazwa Malta, baada ya kabati kupata joto la kawaida kwa saa nyingi, na mtu akakaa chini ya sakafu na taa akiangalia kila kiungio. Hakukuwa na uvujaji.

Jumatatu, 27 Januari. Luxor hadi Nairobi

Anga ya Sudan ilikuwa imefungwa kwa sehemu kubwa tangu Aprili 2023, hivyo njia ilikuwa Bahari ya Shamu, kisha Ethiopia. Kutua JKIA mchana, mita 1,624 juu ya bahari, nje kukiwa na nyuzi 26.

Kazi ya hangari ilianza jioni hiyo. Mabaki ya Aina ya IV hukauka kuwa unga mwembamba kwenye nafasi za elevata, aileroni na tabu zake (bapa ndogo za ukingoni). Unga huo ukipata mvua hunywa maji na kuvimba kuwa gundi, na ndege ikipanda juu gundi inaganda; kumewahi kutokea ndege ambazo elevata zilikuwa nzito au zilikwama kwa sababu hiyo, siku nyingi baada ya kutoka kwenye theluji, na Nairobi mvua za masika huanza Machi. Namna ya kuupata ni kunyunyizia maji ya vuguvugu kidogo, kungoja kama dakika kumi, na kuangalia kwa kioo na taa. Panapotokea ute, osha kwa maji ya vuguvugu yenye shinikizo dogo hadi maji yatoke masafi, kausha kwa hewa, kisha paka grisi upya kwenye bawaba na beringi zote zilizooshwa, kwa kuwa dawa huiondoa grisi pamoja na barafu. Upande wa kushoto wa elevata ulitoa ute mahali pawili, karibu na bawaba ya tatu na kwenye kona ya tabu. Kulia hakukutoa kitu, ila ulioshwa pia. Ukaguzi wa pili umepangwa baada ya mvua ya kwanza, na umeandikwa kwenye ubao wa zamu ya usiku.